Profesa anatafutwa Ulaya, mwenye ulezi anahusikaje?

Ukifungua kurasa za nafasi za kazi za vyuo vikuu vya Ulaya miaka hii ya karibuni, utakutana na matangazo ambayo zamani hayakuwapo. Chuo kinatafuta profesa wa utafiti wa oganoidi na magonjwa ya kinga ya mwili, na kinasisitiza kuwa utafiti huo usiishie maabara bali uvuke hadi kwa mgonjwa. Sifa zinazotakiwa zinajaza ukurasa mzima. Awe ameongoza maabara, awe na uwezo wa kuleta fedha za ruzuku, ajue kufanya kazi na madaktari wa wodini, na ikiwezekana awe daktari mwenyewe.

Msomaji wa kurasa hizi, ambaye pengine amezifungua akitafuta bei ya mahindi ya Kibaigwa, ana haki ya kuuliza tangazo hilo linamhusu nini. Jibu fupi ni kwamba watafiti wa aina hii ndio wanaosaidia kuamua nani Ulaya ale ngano na nani asile. Asiyekula ngano lazima ale kitu kingine, na kitu hicho kingine sisi tunacho ghalani.

Tuanze na hilo neno lenyewe. Oganoidi ni kijiungo cha mwili kinachooteshwa kwenye kisahani cha maabara, mara nyingi kidogo kuliko punje ya ulezi. Mwaka 2009 Toshiro Sato, daktari wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Hans Clevers mjini Utrecht, Uholanzi, alionyesha kuwa seli shina moja tu ya utumbo wa panya, ikiwekwa kwenye ute maalumu na kulishwa inavyotakiwa, huota na kujijenga yenyewe kuwa kijiutumbo chenye mikunjo yake. Mwaka 2011 wakafanya hivyo kwa utumbo wa binadamu. Mkulima wa muhogo hatashangaa sana. Pingili moja yenye macho, ukiichomeka ardhini, inatoa shina, majani na mizizi bila mtu kuielekeza. Kilichokuwa kigumu ni kujua udongo gani na mbolea gani.

Na hiyo mbolea ni ghali. Ute unaotumika sana hutengenezwa kutokana na uvimbe wa saratani ya panya, na chakula chake ni protini zinazonunuliwa kwa vipimo vidogo na kwa bei kubwa. Mfugaji wa kuku wa mayai anajua kuwa chakula ndicho kinachokula faida. Huko nako ni hivyo hivyo, ila tofauti ni kwamba kuku hutaga na oganoidi hazitagi.

Magonjwa ya kinga nayo ni jambo jingine. Kinga ya mwili ni kama mgambo wa kijiji. Kazi yao ni kukamata wezi, lakini siku moja wakaanza kuwapiga wanakijiji wenyewe. Wakivamia viungo vya mifupa, mtu anapata baridi yabisi ya aina mbaya. Wakivamia kongosho, kijana anapata kisukari cha kudunga insulini maisha yake yote. Wakivamia utumbo, mtu anaharisha damu kwa miaka. Hakuna kidudu cha kuua kwa vidonge vya siku saba, kwa hiyo mgonjwa hutumia dawa kwa muda mrefu, na hapo ndipo biashara ilipo. Dawa moja tu ya kundi hili, Humira, iliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 21 katika mwaka 2022 peke yake. Anayeuliza kwa nini vyuo na viwanda vya dawa vinagombania wataalamu wa fani hii aanzie kwenye tarakimu hiyo.

Ngano iliingiaje

Kati ya magonjwa haya kuna mmoja ambao mkulima anapaswa kuujua kwa jina, nao ni siliaki. Katika nchi za Ulaya unakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila watu 100. Mgonjwa akila mkate, protini ya ngano iitwayo gluteni huwaamsha mgambo, nao huanza kubomoa ukuta wa utumbo. Shayiri na rai pia zina protini za namna hiyo. Mtoto mwenye ugonjwa huu hula na asinenepe, tumbo likavimba, miguu ikawa kama fito.

Aliyeifumania ngano alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiishuku tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, watu wa miji ya magharibi ya Uholanzi walikosa mkate hata wakala vitunguu vya maua ya tulipu. Inaelezwa kuwa watoto wake wa siliaki walikuwa nafuu wakati wenzao wakidhoofu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 Dicke aliandika tasnifu yake Utrecht akionyesha kwa vipimo kuwa kosa ni la ngano. Baadaye akawa profesa hapo hapo. Hadi leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, tiba inayotumika kwa mgonjwa wa siliaki ni ile ile: acha ngano, shayiri na rai, maisha yako yote.

Sasa angalia jinsi utafiti wa profesa unavyogeuka kuwa soko. Mwaka 2005 watafiti wa kinga wa chuo cha Leiden, Uholanzi, walichukua seli za kinga za wagonjwa wa siliaki na kuzikutanisha na tefu, ile nafaka ya Ethiopia ya kutengenezea injera. Seli hazikushtuka. Taarifa yao ilitoka kwenye jarida kubwa la tiba la Marekani, ikiwa barua fupi tu. Lakini kwa mfanyabiashara barua hiyo ilikuwa na maana moja, kwamba nafaka iliyokuwa ya Waethiopia sasa ina wateja wenye fedha ambao hawana la kuchagua.

Wapo waliokuwa wameshaliona hilo. Kampuni moja ya Uholanzi iliwekeana mkataba na taasisi za serikali ya Ethiopia mwaka huo huo wa 2005, wa kutumia mbegu za tefu na kugawana faida. Upande mwingine kampuni hiyo ilikuwa imeomba hataza Ulaya juu ya namna ya kusindika unga wa tefu, na mwaka 2007 ikaipata. Mwaka 2009 ikafilisika. Mkataba ukafa nayo, lakini hataza ikawa imehamia kwenye kampuni nyingine. Ethiopia haikupata faida ya kuhesabika. Hataza hiyo kwa upande wa Uholanzi ilikuja kufutwa na mahakama ya The Hague mwezi Novemba 2018, kwa kuwa hakukuwa na uvumbuzi wowote wa kulinda. Na kesi yenyewe haikufunguliwa na Ethiopia. Ilitokana na kampuni mbili za Kiholanzi kugombana kuhusu malipo.

Hapo kuna somo la kibiashara ambalo sidhani kama tumelielewa sawasawa. Utafiti wa Leiden ulikuwa wa kweli na wa manufaa, hakuna aliyeiba kitu. Lakini kati ya ugunduzi na soko kuna mlango, na aliyesimama mlangoni siku hiyo alikuwa mwanasheria, tena si wa mkulima.

Kwa nini hapatikani

Turudi kwa profesa wetu. Kwa nini chuo kitangaze, kingoje, na wakati mwingine kitangaze tena?

Sababu ya kwanza ni ya kitaalamu. Oganoidi ya kawaida ya utumbo ni kijiji kisicho na mgambo. Ina ukuta, haina seli za kinga wala mishipa ya damu. Kwa magonjwa ya kurithi hilo si tatizo kubwa. Waholanzi walionyesha mwaka 2013 kwamba oganoidi za mgonjwa mwenye ugonjwa wa kurithi wa mapafu uitwao saistiki faibrosisi huvimba zikipewa dawa inayomfaa na hubaki kama zilivyo zikipewa isiyomfaa. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa sababu dawa ya kwanza ya kundi hilo ilipotoka Marekani mwaka 2012 iligharimu zaidi ya dola 290,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kwa bei hiyo ni afadhali ujaribu kwenye kisahani kwanza.

Kwa magonjwa ya kinga, hata hivyo, huwezi kusoma ugomvi ukiwa na upande mmoja tu. Lazima umlete mgambo ndani ya kijiji, awe wa mgonjwa yule yule, na abaki hai. Watu wameanza kuweza. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford, Marekani, walichukua tonsili zilizokatwa hospitalini na kuzigeuza kuwa vijiungo vinavyotengeneza kinga vikipewa chanjo ya mafua. Mwaka 2024 maabara nyingine ya Stanford ilitangaza oganoidi za siliaki zilizooteshwa pamoja na seli zake za kinga. Walipozipa gluteni, seli za kinga ziliushambulia ukuta mle mle kwenye kisahani. Nao Wajapani walikwenda upande mwingine kabisa. Mwaka 2022 hospitali ya chuo jijini Tokyo ilimpandikiza mgonjwa wa vidonda vya utumbo mpana oganoidi zilizooteshwa kutokana na utumbo wake mwenyewe, kama unavyopachika miche mahali palipokauka.

Mtu anayeweza kazi hii lazima ajue mambo matatu ambayo kwa kawaida hukaa kwenye vichwa vitatu: kuotesha vijiungo, kuelewa seli za kinga, na kuishi na madaktari wa wodini. Wa kwanza wapo. Wa pili wapo wengi. Wa tatu wana wagonjwa foleni nje ya mlango. Anayeunganisha yote matatu ni kama fundi anayejua umeme, bomba na kupaua. Yupo, lakini ana miadi hadi mwakani.

Sababu ya pili ni kwamba mwenye kiwanda cha dawa naye anamtaka. Mwaka 2022 Hans Clevers mwenyewe, mwenye maabara ile ya Utrecht, aliajiriwa na Roche ya Uswisi kuongoza utafiti wake wa dawa. Mwaka 2023 Roche ikazindua mjini Basel taasisi nzima ya kutumia vijiungo vya aina hii, ikiongozwa na Matthias Lutolf, aliyetoka chuo cha EPFL cha Lausanne. Chuo cha umma hakiwezi kushindana na hapo kwa mshahara. Uholanzi, mathalani, mshahara wa profesa unafuata ngazi za mkataba wa pamoja wa vyuo vyote, na mkuu wa chuo hawezi kujipangia apendavyo. Kinachosaidia kidogo ni kodi. Mtaalamu anayeajiriwa kutoka nje ya nchi anaweza kupokea sehemu ya mshahara wake, hadi asilimia 30, bila kukatwa kodi kwa muda usiozidi miaka mitano. Hata hiyo wameamua kuipunguza iwe asilimia 27 kuanzia mwaka 2027.

Na mahitaji yanazidi kukua. Desemba 2022 Marekani ilibadili sheria yake ya dawa, ikaondoa sharti la kwamba kila dawa mpya ijaribiwe kwa wanyama kabla ya watu. Aprili 2025 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikatangaza mpango wa kupunguza majaribio ya wanyama, kwa kuanzia na aina za dawa zinazotumika sana katika magonjwa haya ya kinga. Septemba mwaka huo taasisi zao za afya zikatangaza kituo cha kutengeneza oganoidi za kiwango kimoja, kwa mikataba ya dola milioni 87 kwa miaka mitatu ya mwanzo. Kiwango kimoja ndilo neno muhimu hapo. Leo oganoidi za maabara hii si sawa na za maabara ile, na mnunuzi hawezi kupanga bei ya kitu kisicho na gredi. Wakulima wa korosho na kahawa wanalijua hilo bila kuelezwa na mtu.

Lakini mwaka huo huo wa 2025 serikali ya Marekani ilikuwa ikisimamisha na kufuta ruzuku nyingi za watafiti. Ulaya ikaona mwanya. Mwezi Mei Tume ya Ulaya ilitangaza euro milioni 500 za kuvutia watafiti kati ya mwaka 2025 na 2027, na baraza lake la utafiti likapandisha hadi euro milioni mbili fedha za nyongeza kwa anayehamia Ulaya kutoka nje na kushinda ruzuku yake. Kwa hiyo anayetafuta profesa sasa anatafuta katika msimu mzuri. Ila naye asijisahau, maana serikali ya Uholanzi iliyoingia mwaka 2024 ilianza na tangazo la kukata bajeti ya vyuo. Huwezi kuwaita wageni karamuni huku ukipunguza mchele jikoni.

Anachokuja nacho, anachokuta

Watu hudhani kumpata profesa ni kumpa barua na ofisi. Profesa wa fani hii huhama kama mfugaji, yaani na mifugo yake. Anakuja na vijana wake wa maabara, na ruzuku zake, na makabati ya mitungi ya naitrojeni yenye oganoidi zilizogandishwa, mitungi ile ile ambayo bwana mifugo hubebea mbegu za dume za kupandishia ng'ombe. Naye anadai mtaji wa kuanzia: vyumba vya maabara, mafundi wa kudumu, mashine za kusoma vinasaba, na miaka kadhaa ya kulipiwa chakula cha vijiungo vyake kabla hajaanza kujitegemea. Mazungumzo hayo yanaweza kumaliza mwaka mzima, na wakati mwingine yanavunjika kwa sababu ya jambo dogo kama ajira ya mke au mume wake katika mji ule.

Lakini jambo ambalo profesa mjanja huuliza kwanza ni hospitali. Kipande cha utumbo kilichokatwa kwa mgonjwa ni kama maziwa ya asubuhi. Yakifika kituo cha kukusanyia ndani ya saa chache, ni bidhaa. Yakichelewa njiani, ni hasara. Kama chumba cha upasuaji kiko upande huu wa mji na maabara upande ule, na hakuna muuguzi aliyepangiwa kazi ya kupokea kipande, kukiandika na kukipeleka, basi chuo kinaweza kuajiri mtaalamu bora duniani na asiote hata kijiungo kimoja cha maana. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, chuo kinachotangaza nafasi kabla ya kupanga njia hiyo kinafanana na mtu anayenunua ng'ombe wa maziwa kabla ya kuchimba kisima.

Kuhusu hilo la kuvusha utafiti kutoka maabara, Afrika Mashariki tuna mfano wetu ambao unazidi yote niliyoyataja. Mwaka 1956 Walter Plowright, daktari wa mifugo wa Kiingereza, alijiunga na taasisi ya pamoja ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Tatizo lilikuwa sotoka, ugonjwa ambao mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa umefagia ng'ombe wa Wamasai na makabila mengine kiasi cha kuwaacha watu na njaa. Plowright na wenzake waliotesha seli za figo ya ndama kwenye chupa, wakakuza kirusi cha sotoka ndani yake, wakakihamisha kutoka chupa hadi chupa mara 90 hivi mpaka kikapoteza makali lakini bado kikawa kinafundisha kinga. Hiyo ndiyo chanjo. Angalia kuwa mbinu ni ndugu na hii ya leo: seli za kiumbe, chupa, chakula chake na subira.

Hata hivyo chanjo ile ilitaka barafu, na barafu haifiki kwa mfugaji anayehama. Ilichukua hadi miaka ya 1980 na kuendelea kwa mtafiti mwingine, Jeffrey Mariner, kubadili namna ya kuikausha ili iweze kukaa kama mwezi mmoja bila jokofu. Baada ya hapo wafugaji wenyewe waliofundishwa kuchanja waliibeba hadi kwenye mazizi ya mbali. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kuwa sotoka imekwisha. Ukihesabu tangu Plowright afike Muguga ni miaka 55. Ugunduzi wa maabara ulichukua miaka michache tu ya hiyo, iliyobaki ilikuwa barabara, jokofu, fedha na watu.

Muguga hapo hapo, katika miaka ya 1970, ilizaliwa chanjo ya ndigana kali. Ng'ombe huchomwa vimelea hai vya ndigana pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa muda mrefu mwilini, ili augue kidogo na kinga yake ijifunze. Inafanya kazi, na wafugaji wengi wa kaskazini mwa Tanzania wanaitumia. Lakini nayo inasafiri kwenye mtungi wa naitrojeni, na kufungwa kwa vipimo vya ng'ombe wengi kwa mara moja, hivyo mwenye ng'ombe watatu lazima atafute majirani wachange. Miaka 50 imepita na jambo hilo bado linamsumbua mfugaji mdogo. Chuo cha Ulaya kinapoandika kwenye tangazo kwamba kinataka utafiti wa kuvuka hadi kwa mgonjwa, hilo ndilo kinaloliomba, na ni vizuri kijue limekaa vipi.

Faida ni ya nani

Maabara ya Utrecht ilizaa taasisi ya kusimamia leseni za oganoidi, iliyoanzishwa mwaka 2013. Desemba 2024 kampuni ya Merck ya Ujerumani ilitangaza kuinunua. Kwa upande wa uchumi hilo ni jambo la kawaida, na bila mtaji mkubwa hizo oganoidi zisingefika viwandani. Lakini msururu wa faida una watu wengi: walipa kodi wa Uholanzi waliolipia utafiti, mvumbuzi, chuo, mwekezaji, na mwisho kabisa mgonjwa aliyelala kitandani akatoa kipande cha utumbo wake kwa saini moja. Huyu wa mwisho halipwi.

Kwetu hili si la kuangalia kwa mbali. Mkataba wa Nagoya, ulioanza kutumika mwaka 2014, unasema mwenye mbegu, mmea au mnyama anapaswa kupata mgawo pale rasilimali yake ya vinasaba inapotumika. Lakini haugusi vinasaba vya binadamu. Gunia la mbegu za ulezi likichukuliwa kwenda kufanyiwa utafiti, lina mkataba wa kimataifa nyuma yake. Kipande cha utumbo wa mwenye ulezi hakina, kinategemea vibali vya ndani ya nchi na makubaliano ya kuhamisha sampuli, ambayo Tanzania hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Maprofesa hawa wapya watahitaji sampuli za watu wa asili mbalimbali, kwa sababu dawa iliyojaribiwa kwa utumbo wa Mzungu peke yake haielezi kila kitu kuhusu utumbo wa wengine. Watakapobisha hodi, wataalamu wetu wawe wameshasoma yaliyoikuta tefu.

Sasa kwa mfanyabiashara anayepiga hesabu. Ulezi, mtama, uwele, mahindi, mchele na muhogo hazina gluteni ya ngano. Je, hilo linatosha kumuuzia mgonjwa wa siliaki wa Ulaya? Halitoshi. Sheria ya huko inataka bidhaa inayoandikwa kuwa haina gluteni isizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Ni kiasi kidogo sana. Mashine zetu nyingi za kusaga, nami nimesimama kwenye foleni zake, husaga ngano asubuhi na ulezi mchana bila hata kupigwa brashi. Vumbi lile linatosha kuangusha shehena nzima. Unga wa lishe ndio usiseme, maana wengi wanautengeneza kwa kuchanganya ngano makusudi. Na kabla mkaguzi hajafika kwenye gluteni atakuwa ameshapima sumukuvu, ambayo kwa nafaka nyingi huko kikomo chake ni mikrogramu nne kwa kilo. Aliyeanika ulezi kwenye ardhi tupu kipindi cha manyunyu ajue mzigo wake utaishia hapo.

Kuna hatari nyingine, ambayo ni ya profesa mwenyewe. Kampuni mbili za Ujerumani zimekuwa zikitengeneza kidonge cha siliaki kinachozuia kimeng'enya kinachowaamsha mgambo. Matokeo ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa wagonjwa waliokula gluteni kila siku huku wakimeza kidonge hicho walipata madhara madogo kuliko waliomeza kidonge kitupu. Oganoidi za siliaki zenye seli za kinga zitarahisisha kujaribu vidonge vingine vya namna hiyo. Kimoja kikifaulu na kikapata kibali, baadhi ya wateja watarudi kwenye mkate. Sidhani kama wote watarudi, kwani wengi wanaonunua vyakula visivyo na gluteni si wagonjwa, wameamua tu, na anayeamua tu anaweza kuamua vingine kesho.

Kwa hiyo anayefikiria kukopa ili afunge mashine ya kusaga nafaka zisizo na ngano apige hesabu kwanza kwa bei ya uji wa hapa nyumbani, na soko la Ulaya aliweke kando kama nyongeza. Mashine iwe ya peke yake, chumba chake, magunia mapya na si yaliyobeba unga wa ngano wa kiwanda. Msagishaji akileta debe la ngano jioni akisema ni kidogo tu, arudishwe nalo.